Nafasi ya Udaktari Huombwa kwa Barua, Haiombwi kwa Magwanda

Kila mwaka, majina ya waliokubaliwa kusomea udaktari yanapotangazwa, vijana hugawanyika katika mafungu matatu. Fungu la kwanza hushangilia. Fungu la pili huinamisha vichwa na kwenda kutafuta njia nyingine. Fungu la tatu husimama katikati: hawakukubaliwa, wala hawakukataliwa. Wameambiwa wangoje, au alama zao zimeishia nyuma kidogo tu ya mstari, nao wanatumaini kwamba mmoja wa waliotangulia hatafika kujiandikisha, na nafasi yake itabaki wazi. Kwa lugha yetu ya kijeshi, hao ni askari wa akiba. Ni fungu hilo tunalotaka kulizungumzia leo.

Tunalizungumzia katika ukurasa huu wa wapiganaji na askari polisi kwa sababu iliyo wazi. Kijana akisimama mlangoni namna hiyo, ukoo mzima hukaa kikao, na azimio la kikao mara nyingi huwa hili: "Tunaye mtu jeshini. Tunaye mtu polisi. Avae nguo zake, aende akaseme na wakubwa wa chuo." Ndipo askari aliyekuwa zamu yake, asiyejua biolojia wala kemia, hujikuta amebebeshwa mzigo wa kwenda kugonga mlango wa Msajili.

Maoni yetu ni haya. Kuiandikia ofisi ya chuo ni haki ya kila kijana, tena ni wajibu wake. Kuisukuma ofisi hiyo ni kosa. Na ofisi isiyojibu barua nayo haikosi lawama. Tutayaeleza haya moja baada ya jingine.

MLANGO MWEMBAMBA

Yafaa kwanza ieleweke kwa nini mlango huu ni mwembamba. Shule ya udaktari ya Makerere, pale Mulago, ilianza mwaka 1924. Kwa muda wa miaka 65 Uganda nzima ilikuwa na shule hiyo moja tu ya kufundishia madaktari. Mji wa Mbarara nao, kama askari wa zamani wanavyokumbuka, ulipata pigo kubwa katika vita vya 1979. Mwezi Februari mwaka ule majeshi ya Tanzania yaliuteka, na sehemu kubwa ya majengo yake ikabomoka. Miaka kumi baadaye, 1989, katika mji huo huo kilifunguliwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, chuo kikuu cha pili cha serikali, kikaanza na wanafunzi 43, wote wa udaktari. Mji uliobomolewa kwa mizinga ukawa mji wa kufundishia waganga. Hilo ni jambo la kujivunia kwa kila mtu avaaye sare.

Tangu wakati huo shule za udaktari zimeongezeka. Zipo Gulu, Ishaka, Mbale, Kabale na kwingineko. Lakini waombaji nao wameongezeka, na nafasi za udaktari si kama nafasi za darasa la kawaida. Mwanafunzi wa udaktari hafundishwi kwa kuongezewa benchi nyuma ya chumba. Hana budi kuwa na mgonjwa wa kumwangalia, maabara ya kufanyia kazi, na mwalimu wa kumsimamia, kwa miaka 5 ya masomo na kisha mwaka 1 wa mazoezi hospitalini. Idadi ya wanafunzi hupimwa kwa vitu hivyo. Kwa hiyo anayedhani kwamba mkubwa wa chuo anaweza kuongeza nafasi moja kwa hisani, kama mpishi aongezavyo kikombe cha maji katika mchuzi, hajaielewa kazi yenyewe.

Tena lazima tukumbuke kwamba nafasi haizaliwi kwa kupiga simu. Nafasi anayopewa mmoja kinyume cha utaratibu imeondolewa kwa mwingine. Na huyo mwingine, anayeongoza orodha ya akiba, huenda ni binti wa koplo aliye doria mpakani, ambaye hakuwa na mtu wa kumtuma mjini.

HESABU HAINA MJOMBA

Nafasi za serikali katika vyuo vikuu vya umma, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa kama 4,000 kwa mwaka kwa masomo yote, hugawanywa na bodi ya pamoja ya vyuo hivyo kwa kufuata uzito wa alama. Katika utaratibu uliotumika kwa muda mrefu, A ya kidato cha sita huhesabiwa alama 6, B alama 5, C alama 4, na kuendelea kushuka. Masomo ya lazima kwa udaktari, yaani biolojia na kemia, huzidishwa mara 3. Somo la karibu, kama fizikia au hesabu, huzidishwa mara 2. Mwenye A ya biolojia hupata 18. Mwenye B hupata 15. Herufi moja ni alama tatu nzima. Na pale kwenye mstari wa mwisho, waombaji hutenganishwa kwa sehemu za kumi za alama moja.

Sasa tujiulize: simu ya meja, au hata ya jenerali, inaweza kuigeuza B kuwa A? Haiwezi. Hesabu haina mjomba.

Vijana wengi hukosea hapa kwa sababu husoma katika simu zao mashauri yaliyoandikwa kwa ajili ya watu wa Marekani. Huko kila shule ya udaktari huwa na orodha yake ya wanaongojea, na mwombaji hupimwa kwa alama, mahojiano na maandishi yake kwa pamoja. Ifikapo mwisho wa Aprili, waliokubaliwa na shule zaidi ya moja hutakiwa kuchagua moja, na hapo ndipo orodha huanza kusogea. Katika utaratibu wa namna hiyo, barua njema ya kijana anayengoja huweza kumsaidia, kwa sababu yuko mtu atakayeisoma na kuipima. Hata hivyo, huko nako zipo shule zinazopokea barua hizo, na zipo zinazotangaza wazi kwamba zisiandikiwe. Wa kwanza kutii tangazo ndiye hupewa heshima.

Kwetu mambo ni tofauti. Panapotumika uzito wa alama, barua haiongezi hesabu. Lakini barua huweza kusahihisha hesabu, na hilo si jambo dogo. Namba ya mtihani huweza kuandikwa vibaya. Jina la cheti huweza kupishana na jina la ombi. Cheti kilichochelewa huweza kufika baada ya orodha kutoka. Kijana aliyekaa kimya katika hali hiyo hawezi kuilaumu ofisi kwa kutokujua asiloambiwa. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

BARUA KAMA RIPOTI YA DORIA

Kila mpiganaji anajua namna ya kutoa ripoti: nani, wapi, lini, kumetokea nini, unahitaji nini. Maneno machache, yaliyo kweli, kwa mtu anayehusika. Barua ya kijana anayengoja nafasi iwe hivyo hivyo. Iandikwe kwa Kiingereza safi, maana ndiyo lugha ya ofisi hiyo, ipelekwe kwa ofisi ya Msajili wa Masomo, wala isirukie kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Askari hamrukii sajini wake akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa divisheni. Na chuo nacho kina ngazi zake.

Barua itaje jina kamili kama lilivyo katika cheti, namba ya mtihani, namba ya ombi, na kozi iliyoombwa. Iseme jambo jipya kama lipo, pamoja na karatasi ya kulithibitisha. Iulize maswali mawili tu: je, nafasi zitakazoachwa wazi zitajazwa, na kama zitajazwa, ni kabla ya tarehe gani? Kisha iseme ahadi moja: "Nikipewa nafasi, nitaipokea na kufika kujiandikisha siku nitakayoambiwa." Ahadi hiyo isitolewe na mtu asiyejua ada itatoka wapi, maana nafasi ikimfika naye asiweze kuipokea, amemchelewesha anayemfuata.

Mwisho iwekwe namba ya simu itakayopokelewa. Tunalisisitiza hili kwa watoto wa askari. Baba aliye kazini mbali simu yake huzimwa kwa majuma mengi. Mama aliye nyumbani simu yake iko wazi. Iandikwe ya mama, na ya jirani mwaminifu iwe ya pili.

Barua ikishapelekwa, kijana asubiri. Baada ya majuma mawili aweza kuuliza tena mara moja, kwa adabu. Kupiga simu kila asubuhi, kutuma shangazi Jumatatu na mwalimu mkuu Jumatano, kuandika barua za machozi kurasa nne, hayo yote humchosha karani ambaye ndiye atakayelishika faili. Tena kijana aseme mwenyewe. Anayetaka kuwa daktari, ambaye kesho atamweleza mgonjwa habari nzito, hana budi kuweza leo kujieleza mbele ya meza ya ofisi bila kushikwa mkono.

KIJANA WA NAKIVALE

Sasa tugeukie upande wa Isingiro. Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa katika Afrika. Walianza Wanyarwanda, leo wamo watu zaidi ya laki moja, Wakongo, Wasomali, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wengi wao sokoni na kwenye mstari wa maji. Wapiganaji wetu waliokwenda Somalia tangu mwaka 2007 wanazijua nchi walikotoka baadhi ya watu hao kuliko wengi wetu tunaozisoma magazetini.

Kijana wa Nakivale anayetaka udaktari ana vilima viwili vya kupanda pale ambapo mwenyeji ana kimoja. Akiwa ametoka Kongo na diploma ya taifa ya kule, cheti chake kimeandikwa kwa Kifaransa na kimehesabiwa kwa asilimia. Hakiwezi kuingia katika hesabu tuliyoieleza mpaka kitafsiriwe na kulinganishwa na vyeti vyetu na Baraza la Mitihani la Taifa, Kampala. Kazi hiyo huchukua muda na nauli. Wengine walikimbia usiku, na vyeti vikabaki chini ya godoro katika nyumba iliyochomwa. Nafasi za wilaya nazo ni za wenyeji wa wilaya. Mkimbizi hana wilaya. Msaada wa ada, kama ule mpango wa Ujerumani unaosimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi tangu 1992, una waombaji wengi kuliko nafasi.

Kwa kijana wa namna hiyo, kuwasiliana na ofisi ya chuo wakati wa kungoja ni jambo la lazima. Huenda cheti chake kimelinganishwa wiki moja baada ya orodha ya kwanza. Asipoandika, chuo kitamwona kama mtu asiye na cheti. Basi aandike, aambatishe barua ya Baraza, na aeleze kwa sentensi mbili kwa nini imechelewa. Asione aibu kusema kwamba ni mkimbizi. Na asilifanye neno hilo kuwa alama ya nyongeza. Aseme ukweli, kisha vyeti viseme.

Hapa askari polisi ana kazi yake. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea nchini, kwa masharti yaliyowekwa kisheria. Kijana akikutwa kwenye kizuizi cha barabara ya kwenda Mbarara, ana kitambulisho chake na bahasha ya vyeti, anawahi siku ya mwisho ya kujiandikisha, akaguliwe kama wengine, kisha aachwe apite upesi. Saa mbili za kumweka kando ya barabara zaweza kuwa miaka mitano ya maisha yake. Na kijana akija kituoni kutoa taarifa kwamba vyeti vyake vimepotea, aandikiwe taarifa hiyo siku ile ile, kwa mwandiko unaosomeka. Msaada wa namna hiyo ni halali, na mara nyingi una thamani kuliko simu ya mkubwa yeyote.

SARE MLANGONI

Tumefika penye shina la maneno yetu. Wapo watakaosema: "Nyinyi mnahubiri. Dunia ndivyo ilivyo. Penye udhia penyeza rupia, na mkono mtupu haulambwi. Sisi tusipokwenda, wengine watakwenda." Hoja hiyo tunaijua, na hatuidharau, kwa sababu wanaoitoa mara nyingi ni wazazi waliokata tamaa, si wezi. Lakini ni hoja mbovu kwa namna tatu.

Kwanza, panapokuwa na foleni ndefu hapakosi dalali. Atajitokeza mtu mwenye koti zuri na namba nyingi za simu, aseme anamjua fulani chuoni, achukue fedha za watu kumi. Wawili kati yao watapata nafasi kwa alama zao wenyewe, naye atajisifu kwamba ni kazi yake. Wanane waliobaki hawatakwenda kushitaki, kwa kuwa nao wametoa rushwa. Mshahara wa askari ni mdogo mno kutupwa katika mchezo huo.

Pili, sheria iko wazi. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 haikuishia kwenye bahasha ya fedha. Imetaja pia kosa la kutumia ushawishi usio halali. Kwenda ofisini na magwanda na vyeo mabegani, ukiwa huna kazi ya serikali pale, ni kuutumia ushawishi. Huhitaji kutoa kitisho. Sare yenyewe imesema kabla hujafungua mdomo. Karani aliye mbele yako hajui kama umekuja kuuliza au kuamuru, na akikukubalia kwa hofu, umemwingiza katika kosa pamoja nawe.

Tatu, sare si mali ya mtu. Imenunuliwa kwa kodi ya mkulima wa ndizi wa Isingiro, ambaye mtoto wake naye huenda yuko katika orodha ile ile. Tukiivaa kumsukuma mtoto wake nyuma, tumelipwa naye ili tumdhulumu.

Lakini tusieleweke vibaya. Askari ni mzazi, na mzazi ana haki ya kumsindikiza mtoto wake. Basi aombe ruhusa, avae nguo za kiraia, akae katika mstari kama wazazi wengine, na amwache mtoto azungumze. Akiombwa na ukoo kwenda kutumia cheo, ajibu bila matusi: "Mjomba, kusema na wakubwa siwezi. Lakini leo jioni mlete kijana, tuipitie barua yake, tuhakikishe namba zake, na nauli ya kuipeleka nitatoa mimi." Jibu hilo halimnyimi mtu undugu. Na afisa akipigiwa simu na mwenzake wa kozi ya ukadeti kuombwa "amsaidie kijana," amjibu hivyo hivyo, awe anamzidi cheo au la.

OFISI NAZO ZIJIBU

Hatutakuwa waadilifu tukiwahubiria wazazi tu. Dalali hula katika giza, na giza huletwa na ukimya wa ofisi. Mahali ambapo orodha ya akiba haitangazwi, hapana mtu ajuaye yuko wa ngapi. Mahali ambapo hapana tarehe ya mwisho, matumaini huendelea kuuzwa hata baada ya masomo kuanza.

Tunapendekeza mambo matatu kwa vyuo vyote vyenye shule za udaktari. Orodha ya wanaongojea itangazwe pamoja na ile ya waliokubaliwa, kila mtu na nafasi yake katika mstari. Itajwe siku ambayo orodha hiyo itafungwa. Na kila barua ijibiwe, hata kwa mstari mmoja: "Tumepokea, hakuna nafasi kwa sasa, usije mpaka uitwe." Mstari huo mmoja humwokolea mkimbizi nauli ya kutoka Nakivale, na humwondolea dalali mteja. Matangazo hayo yakibandikwa pia kwenye ofisi za makazi ya wakimbizi na kwenye mbao za matangazo za kambi zetu, kama Makenke, na kusomwa redioni kwa Kiswahili, hakuna atakayedai kwamba hakusikia.

AKIBA HAIOZI

Neno la mwisho ni kwa kijana mwenyewe. Jeshi haliweki vikosi vya akiba vilale. Huviweka vifanye mazoezi. Wakati unangoja, omba pia kwingine. Iko njia ya stashahada: wako madaktari waliotanguliza uuguzi au utabibu, wakafanya kazi, kisha wakaingia chuo kikuu kwa mlango huo. Hata kati ya wauguzi na matabibu wa jeshi na polisi wapo wanaoweza kuifuata njia hiyo, na tunawahimiza wasiidharau. Kama nafasi nyingine imekuja kwanza, itazame kwa makini kabla ya kuiacha kwa ajili ya nafasi ambayo haijazaliwa.

Na orodha ikishafungwa bila jina lako, usiende tena mlangoni. Chukua vyeti vyako, uulize ni alama ngapi zilikupungukia, upange mwaka unaokuja. Aliyekosa kwa haki anaweza kurudi mwakani akiwa na uso wake, na karani yule yule akamkumbuka kama kijana aliyeandika barua moja safi. Aliyepenyezwa kwa magwanda ya mjomba atakaa darasani miaka mitano akijua, na wenzake wakijua, ni nani aliyebaki nje kwa ajili yake.